Namna nilivyokamata "batoto" sokoni Lubumbashi

Kazi yangu ya chuo ilihusu lini watu wa Lubumbashi husema "batoto" ya mtaani na lini "watoto" ya Kiswahili sanifu. Msimamizi wangu aliniambia hivi: weka kinasa sauti mezani, soma maswali, mtu ajibu. Nani alimwambia kwamba watu wa hapa husema kama kawaida mbele ya mashine?

Nilimtii. Nilienda mtaa wa Kamalondo kwa mzee mmoja aliyestaafu relini, mcheshi kweli. Alipoona taa nyekundu alifunga vifungo vya koti, akakohoa, akaanza Kiswahili bora cha mimbarani: "Ninyi watoto mnapaswa kufahamu…" Akichoka, anaruka kwenye Kifaransa. Nikamshukuru, nikazima. Papo hapo akageukia wajukuu: "Batoto, muache makelele, mugeni iko!" Ndiyo niliyokuwa naitafuta asubuhi nzima, na mashine imeshalala mfukoni.

Mwenzangu akanishauri nifiche simu kwenye mkoba. Hapana. Sauti ya mtu ni mali yake, haichukuliwi kwa siri.

Aliyeniokoa ni Mmarekani William Labov, mtaalamu wa lugha aliyechunguza watu wanavyosema katika maisha ya kila siku. Mwaka 1962 alizunguka maduka makubwa matatu ya New York, kuanzia Saks ya matajiri hadi S. Klein ya bei nafuu, akiulizia bidhaa aliyokwisha kujua iko ghorofa ya nne. Kwa Kiingereza jibu lake, "fourth floor", lina "r" mbili, ambazo wengi wa mji ule walikuwa wanazimeza. Kisha anajifanya hajasikia, muuzaji anarudia kwa uangalifu. Sekunde chache, matamshi ya aina mbili, na hakuna kinasa sauti. Wauzaji wa Saks waliitamka "r" zaidi kuliko wa Klein.

Basi nikashuka soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kwenye nguo za mitumba. Nashika kisuruali kidogo kabisa, nauliza: "Mama, hii ni ya nani?" Jibu lazima liwe "ya batoto" au "ya watoto". Nainamisha sikio: "Eeh?" Anarudia. Nasogea nyuma ya vibanda, naandika: jibu la kwanza, la pili, mwanamke au mwanamume, umri wa kukisia. Usiandike mbele yao, watadhani wewe ni wa kodi. Na usivae shati la ofisini, maana utajibiwa Kifaransa.

Shida ni aibu. Huwezi kupapasa nguo za watu soko zima bila kununua kitu. Faranga zangu zikaishia kwenye soksi na vikofia, si nyingi, lakini mama yangu alipofungua sanduku aliniuliza kwa ukali: "Uko na mutoto fasi gani?" Yaani, una mtoto wapi?

Kwa masimulizi marefu nilirekodi kwa ruhusa, nikatumia swali jingine la Labov: umewahi kuponea chupuchupu kufa? Shangazi mmoja wa Katuba aliisahau simu kabla hajafika katikati ya ajali.

Vijana wengi wa sokoni walianza na "batoto", nikijifanya kiziwi wakasahihisha: "watoto". Wamama wa makamo hawakusahihisha chochote. Walipandisha sauti tu: "Nimesema ya BATOTO!" Msimamizi alitaka niwaondoe hao, eti wanaharibu jedwali. Nimewapa sura nzima.