Dawa za Mibuni Mnaziweka Wapi?

Katika mwaka uliofuata baada ya kumzika mama, baba yangu alitibiwa taifodi, akatibiwa vidonda vya tumbo, akatibiwa mgongo, na kila dozi ilipokwisha hali ilikuwa ileile. Zahanati moja ilifika hadi kumchoma sindano za masaa. Kila akipimwa damu, taifodi ipo. Baadaye daktari alitufafanulia kwamba kipimo kile kinaweza kuonyesha taifodi hata kwa mtu aliyeugua zamani akapona, kwa hiyo majibu yake peke yake hayatoshi. Wakati huo tulichojua sisi ni kwamba mzee anaisha. Chakula anakigusa tu. Anaamka saa tisa usiku, halali tena, anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka kunakucha. Ukimuuliza panauma wapi, leo ni tumbo, kesho ni kichwa kinachowaka moto.

Kwetu ni Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na baba ni mtu wa kahawa tangu utoto. Hapiti penye mbuni bila kunyofoa chipukizi lisilotakiwa. Msimu wa 2018 kahawa yake iliiva ikawa nyekundu, ikawa nyeusi, ikakaukia mtini. Baba mdogo ndiye aliyenipigia simu, mimi nikiwa kazini Arusha. "Mama, njoo umwone baba yako," alisema. "Kahawa inadondoka chini, na yeye amekaa anaiangalia." Kwa mtu wa mlimani hayo yanatosha. Nilipanda gari jioni ileile.

Watu wa jumuiya walikuwa wanakuja kusali naye, na nawashukuru mpaka leo, maana ndio pekee walioweza kumtoa chumbani. Paroko alikuja akampaka mafuta ya wagonjwa. Alipomaliza aliniita uani akaniambia, "Sala tutaendelea nazo. Wewe mpeleke hospitali ya KCMC, lakini safari hii usiende kwa daktari wa tumbo. Nenda kliniki ya afya ya akili. Baba yako ana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito." Hakunong'ona. Aliitamka kama anavyotamka presha au sukari, na nilipata nguvu kwa sababu ya namna alivyoitamka.

Kumwambia baba ndiyo ilikuwa shughuli. Kwa watu wa rika lake, ukitaja akili kinachokuja kichwani ni Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na watu waliofungwa kamba. "Mmeniona naokota makopo?" aliuliza. Sikubishana naye. Nilimwambia, "Baba, tumbo wameshatibu, mgongo wameshatibu. Usingizi bado. Twende wakautazame usingizi." Hilo alilikubali, kwa kuwa usingizi ulikuwa unamtesa kweli.

KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na kwa kawaida baba hafiki pale getini bila kuanza kusimulia ujana wake, hospitali ikiwa mpya na watu wakitoka mbali kuja kuiona. Siku ile alipita kimya. Foleni ilikuwa ya watu wa kawaida kabisa: mama na mtoto wake wa kifafa, kijana aliyevaa sare ya shule, bwana mmoja na mkoba wa ofisini. Baba aliwatazama mmoja mmoja, kisha akavua kofia aliyokuwa ameivuta hadi machoni.

Tulipokelewa na sista mmoja, muuguzi mtu mzima. Alimwamkia baba, akamvutia kiti, akaanza kuuliza maswali kutoka kwenye karatasi yenye maswali tisa, yote yakihusu wiki mbili zilizopita. Umekosa raha na mambo uliyokuwa unayapenda? Usingizi? Hamu ya kula? Unachoka? Unajiona umeshindwa? Baba kila swali anajibu, "Kawaida tu." Nilianza kuogopa kwamba tutarudishwa nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu.

Sista akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, wewe ni wa Kibosho. Mwaka huu umechuma debe ngapi?"

Baba alikaa muda. "Sijachuma."

"Hata debe moja?"

"Hata moja. Nichume nimpe nani?"

Kuanzia hapo alizungumza. Alieleza mambo ambayo mimi mwanae sikuyajua: kwamba hesabu za kahawa alikuwa akizifanya mama, kwamba chai ya asubuhi haina ladha, kwamba anajiona mzigo kwetu. Sista hakumkatiza. Ndipo akafika swali la mwisho kwenye karatasi, na alilisoma kwa sauti ileile: umewahi kuwaza kwamba ni heri ungekufa, au kuwaza kujidhuru?

Nilitamani kumzuia. Kwetu neno kama hilo halitamkwi mbele ya mzazi. Lakini baba aliinamisha kichwa, akasema, "Yanakuja. Hasa ile saa tisa."

Sista alimshukuru kwa kusema. Kisha akanigeukia mimi. "Dada, dawa za kupulizia mibuni mnaziweka wapi?"

Baba ndiye aliyejibu. "Ziko stoo. Ufunguo ninao mimi." Akaingiza mkono mfukoni, akautoa, akauweka mezani bila kuombwa.

Naandika haya kwa ajili ya swali lile. Katika mlima huu kila nyumba yenye mibuni ina chupa za sumu ya wadudu stoo, na mtu aliyezama kwenye huzuni huwa na saa mbaya chache ambazo, zikipita salama, anaweza kutibiwa akaishi. Ukiwa na mzazi, mume au ndugu wa namna hii, muulize waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo asilokuwa nalo. Kunampa nafasi ya kulitua. Na sumu itoke nyumbani kabla hata ya dawa ya kwanza kumezwa. Nilitoka barazani nikampigia baba mdogo, nikamwambia avunje kufuli, ahamishe kila kitu. Hakuuliza kwa nini.

Daktari alituonyesha njia zilizopo. Kwanza alichukua vipimo, wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi iliyolegea vinaweza kumfanya mtu aonekane hivihivi. Pia alitaka kujua dawa ya presha anayotumia baba. Kisha akaeleza kwamba kuna tiba ya mazungumzo na kuna vidonge, na kwa hali ya baba angetumia vyote viwili. Amitriptilini, ambayo wengi huijua, hakuipenda kwa mzee: inakausha mdomo, inaweza kuziba mkojo, na inalewesha hadi mtu akaanguka usiku. Alimwandikia fluoksetini, kidonge kimoja asubuhi, kwa kuwa kikimezwa usiku kinaweza kufukuza usingizi. Chumvi ya damu alisema angeifuatilia, maana kwa wazee inaweza kushuka. Alisisitiza mambo mawili: dawa huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne au zaidi, na ukipata nafuu usiiache ghafla.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Kichefuchefu kilimpata, na baba alitaka kutupa pakiti. Niliomba likizo nikakaa naye, na baba mdogo akawa analala chumba cha pili. Mshauri nasaha alimpa kazi ambayo mwanzoni ilinishangaza: kila asubuhi, apende asipende, aende shambani akanyofoe machipukizi ya mbuni mmoja. Mmoja tu, kisha arudi. Alimweleza kwamba asisubiri hamu ije ndipo afanye. Afanye, hamu itamfuata. Baba alikwenda akinung'unika. Baada ya muda nikaona anachelewa kurudi. Asubuhi moja nilimkuta jikoni analalamika kwamba nimeweka sukari kidogo kwenye chai, na nilifurahi kuliko nilivyoweza kumwonyesha.

Alimeza dawa kupita msimu uliofuata. Nafuu ilipokuja alianza kudai aache, na daktari akamwomba avumilie miezi mingine kwa sababu ugonjwa huu hupenda kurudi kwa anayekatisha. Baadaye alipunguziwa polepole hadi akaacha. Bado huwa na siku nzito, hasa karibu na misa ya kumbukumbu ya mama, na siku hizo yeye mwenyewe humpigia baba mdogo aje walale wote.

Dawa za mibuni hazijarudi stoo kwetu. Zinakaa kwa baba mdogo. Wakati wa kupulizia, baba huenda kuomba kipimo cha siku, hupulizia, na kilichobaki hukirudisha kabla ya giza. Utaratibu huo ameuweka yeye.