Shahada ya Maktaba kwa Mtu wa Forodha

Nimeanza kusomea shahada ya kwanza ya sayansi ya maktaba na habari huku nikiwa bado nimeajiriwa katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na jambo ambalo sikulitazamia ni kwamba kazi ileile ambayo kila mtu alisema ingenizuia kusoma ndiyo inayonisaidia zaidi darasani. Wanaoniuliza kuhusu uamuzi huu huanza na suala la muda, nami nitalifikia, lakini ningependa kwanza kueleza masomo yenyewe, kwa sababu hata mama, ambaye ndiye aliyenihimiza kusoma tangu utotoni, aliposikia habari hizi aliniuliza, "Mwanangu, kupanga vitabu nako kwataka digrii?"

Kazi yangu ya kila siku ni kuandaa matamko ya forodha. Meli inapokaribia bandari ya Kilindini, mimi hukabidhiwa ankara, hati ya shehena na orodha ya vifurushi, kisha huamua kila bidhaa iliyomo ndani ya kontena iingie chini ya msimbo gani. Misimbo hiyo hutoka katika mfumo wa kimataifa wa Shirika la Forodha Duniani ulioanza kutumika mwaka 1988, wenye sura zilizopewa nambari kuanzia 1 hadi 97. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile katika kila nchi inayoutumia, nasi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili zetu. Vitabu vimo katika sura ya 49, kifungu cha 4901, na hapo riwaya, kitabu cha fizikia na tafsiri ya Kurani havitofautiani hata kidogo, kwani kwa afisa wa ushuru vyote ni karatasi iliyochapishwa.

Katika maktaba, vitabu hivyo vitatu hutengana mara moja. Mfumo tunaofundishwa kwanza ni ule wa Melvil Dewey wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1876, ambao huigawa elimu yote katika makundi kumi, kila kundi likagawanywa kwa kumi, na kila tawi kwa kumi tena, hadi nukta ya desimali na kuendelea. Wenzangu darasani, ambao wengi wao ni vijana waliotoka shule za upili juzi, walilalamika kwamba nambari zinawachanganya. Mimi nilijiona niko nyumbani. Mtu aliyezoea kushuka kutoka sura hadi kifungu, na kutoka kifungu hadi kifungu kidogo, huku akisoma maelezo ya pembeni yanayosema ni nini kinachohesabiwa humo na ni nini kisichohesabiwa, hahitaji kufunzwa upya namna ya kusoma jedwali la Dewey.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo mifumo hii miwili hupingana waziwazi, na hapo ndipo nilipoanza kuyapenda masomo haya kwa dhati. Chukua mkanda wa kiunoni ambao nusu yake ni ngozi na nusu yake ni kitambaa. Mkanda wa ngozi ni wa kifungu cha 4203, wa kitambaa ni wa 6217, na ikiwa haiwezekani kabisa kusema ni kipi kati ya hivyo viwili kinachoupa mkanda huo sifa yake kuu, kanuni ya forodha huamuru tuchukue kifungu kinachokuja mwisho kwa mpangilio wa nambari, yaani 6217. Sasa chukua kitabu kinachoeleza uvuvi na ususi wa mikeka kwa uzito sawa, bila kuyahusisha mambo hayo mawili. Uvuvi uko 639, ususi uko 746, na kanuni ya Dewey husema tuchukue nambari inayotangulia, kwa hiyo kitabu kitakaa kwenye 639. Tatizo ni moja, lakini forodha huchagua ya mwisho na maktaba huchagua ya kwanza. Nilipolisoma jambo hilo nilicheka peke yangu ndani ya matatu ya Kisauni, na abiria aliyekaa kando yangu akasogea kidogo.

Kanuni hiyo, kama nilivyokuja kuelewa, haitumiki kila mara ambapo kitabu kina mada mbili. Mada moja ikiwa imeiathiri nyingine, kitabu hufuata ile iliyoathiriwa. Hivyo utafiti kuhusu athari ya Uislamu katika ushairi wa Kiswahili huwekwa kwenye fasihi ya Kiswahili, 896.392, ingawa 297, nambari ya Uislamu, ndiyo inayotangulia. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa kwa kutazama jalada tu, kama ambavyo siwezi kuainisha bidhaa kwa kusoma kilichoandikwa juu ya katoni. Na kwa kuwa nimeitaja 297, niseme pia kwamba Dewey alikuwa mtu wa wakati wake na wa kwao. Katika mia ya dini, yaani nambari 200 hadi 299, sehemu kubwa ya nambari kuanzia 220 hadi 289 ilipewa Biblia na Ukristo, na Uislamu wote ukabanwa ndani ya 297. Matokeo yake, katika maktaba ya mji kama huu, ambapo vitabu vya Kiislamu hujaza rafu nyingi, mgongo wa kitabu hulazimika kubeba mkia mrefu wa desimali: Kurani ni 297.122, wasifu wa Mtume ni 297.63, tasawufi ni 297.4. Mfumo hufanya kazi, sikatai, ila humchosha anayebandika lebo.

Suala la majina nalo lilinigusa kwa sababu hiyohiyo ya kazi. Bandarini, jina la mwagizaji likipungukiwa na herufi moja kwenye hati, shehena inaweza kusimama hadi lirekebishwe. Maktabani kazi ni kinyume chake: mkatalogi, yaani anayeandika rekodi za vitabu, hutarajia kwamba mtu mmoja ataandikwa kwa namna nyingi, naye huchagua jina moja la kutegemewa kisha huyaelekeza mengine yote hapo. Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa wa karne ya 19, hupatikana pia kama Muyaka wa Muhaji na kama Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Mkatalogi asiyewajua Waswahili anaweza kumweka chini ya Haji akidhani hilo ni jina la ukoo, na kijana wa Kibokoni anayemtafuta kwa herufi M asimpate. Ukizingatia kwamba mashairi yenyewe yalinusurika kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliyakusanya pamoja na mmisionari William Taylor, na kwamba hati za Taylor zimehifadhiwa London, utaona kuwa rekodi iliyoandikwa vibaya ingempoteza mara ya pili.

Sasa muda. Ninasoma masomo mawili kwa muhula badala ya mzigo kamili, kwa hiyo shahada itavuka miaka minne, nami nimelikubali hilo, hasa kwa kuwa karo hulipwa kwa kila somo na mshahara wangu hauna nafasi ya zaidi. Mihadhara huwa jioni kwa njia ya mtandao. Mwezi wa Ramadhani wanafunzi wa Pwani tuliomba kipindi kisogezwe baada ya tarawehe, na mhadhiri akaridhia. Jumamosi hukaa kwenye maktaba ya umma, upande wa Tononoka, ambako nimejifunza mengi kwa kuwatazama tu wahudumu wakirejesha vitabu kwenye rafu.

Wanaouliza kama kuna ajira mimi huwajibu kwamba Katiba ya 2010 iliziweka maktaba katika majukumu ya kaunti, kwa hiyo mwajiri wa kutazamwa yuko hapa hapa, japo sijaweka matumaini yote upande huo. Kampuni za bandarini zenyewe zina kumbukumbu nyingi ambazo hakuna aliyesomea kuzitunza.

Kilichobaki bila jibu ni mafunzo ya kazini, ambayo kila mwanafunzi lazima ayafanye kwa majuma kadhaa mfululizo ndani ya maktaba. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo, na siku hizo, hata nikizitumia zote bila kubakiza moja ya kupumzika, hazitoshi. Bosi amesema nimpe pendekezo kwa maandishi, kwa hiyo ninaandika barua inayoomba nusu ya kipindi iwe likizo yangu na nusu nyingine nifanye kazi za ofisi usiku, wakati ambapo meli huwa zinashusha vilevile.