Wikendi na MX-5 ya zamani: kabla ya tarbo, angalia mpira

Kila mtu akiiona hii Mazda MX-5 yangu ya mwaka 1991 swali ni lile lile, tarbo unafunga lini? Na jibu langu halijabadilika, tarbo baadaye sana, manake gari la spoti likishavuka miaka 30 kinachokuibia raha ya kuendesha mara nyingi sio upungufu wa nguvu, ni mpira. Bushi za mikono (vipande vya mpira kwenye viungo vya mikono inayoshika tairi), hosi za maji, sili, oringi za injini (pete ndogo za mpira za kuziba oili), buti ya gia, mkanda wa taimingi, matairi yenyewe, vyote hivyo ni mpira, na mpira unazeeka hata kama gari limelala ndani limefunikwa turubai. Watu wanachungulia dashibodi wanaona kilomita chache wanafurahi, ooh gari limetembea kidogo hili. Sawa, limetembea kidogo, ila mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka na joto.

Kwa asiyelijua hili gari kidogo tu: lilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Chicago Februari 1989, viti viwili, turubai juu, injini mbele, tairi za nyuma ndo zinasukuma, na uzito haufiki tani moja. Injini ya 1.6 inatoa farasi kama 115 hivi, leo gari la kawaida tu la familia linakupita. Raha yake iko sehemu nyingine. Kila tairi, mbele na nyuma, imeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, halafu kuna fremu ya alumini inayounganisha giaboksi na difu (gia za kati ya tairi za nyuma) moja kwa moja, kwa hiyo ukigusa mafuta tu gari linaitika hapo hapo, hakuna kusubiri kitu kijikunje kwanza. Sasa gari lililotengenezwa kwa ajili ya hisia namna hiyo ukaacha bushi zake zikafa, umebaki na umbo tu.

Basi wikendi hii ilikuwa ya bushi.

Kupandisha gari: mbele jeki inakaa katikati kwenye krosimemba, nyuma chini ya difu, halafu stendi nne, na kabla sijaingia chini nalisukuma kwa nguvu kila upande nione kama linacheza. Hapo sina mjadala na mtu, jeki ni ya kunyanyulia, haibebi gari mtu akiwa chini. Kipenyezi cha kutu nilishakipulizia siku kadhaa kabla, asubuhi na jioni, kwa sababu kwenye hizi gari kuna bolti nane ambazo zinaweza kukuharibia wikendi nzima. Ni zile za mikono ya chini, mbili kila kona, zina kichwa chenye sahani ya duara iliyokaa upande, ukiizungusha mkono unasogea ndani au nje, na hapo ndipo alaimenti, yaani pembe za tairi, inaporekebishwa. Zikikaa miaka bila kuguswa zinashikana kutu na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, nati inafunguka vizuri kabisa unafurahi, kumbe bolti yenyewe imekuwa kitu kimoja na bushi, ukiilazimisha unasikia mpira unajipinda tu na bolti haitoki. Nyingine zinakubali kwa joto na nyundo, nyingine dawa yake ni moja tu, kukata kwa msumeno kati ya bushi na braketi na kufunga bolti mpya. Ndo maana ushauri wangu ni agiza bolti mpya pamoja na bushi kabla hujafungua chochote, zikitoka nzima utabaki na spea. Na kabla ya kulegeza piga picha kila sahani imekaa kwenye alama ipi, itakusaidia gari lirudi kwenye hali ya kuendesheka hadi lifike kwenye mashine ya alaimenti.

Mpira au poli? Hapa watu wanabishana sana na mimi nina upande wangu. Bushi za poliyurethini ni ngumu, gari linakuwa kali kwenye kona, zinaingia kwa mkono bila presi, kwa wa mashindano sawa kabisa. Ila poli inafanya kazi kwa kuteleza, inahitaji grisi yake maalumu, grisi ikiisha inaanza kulia na inashika, na barabara mbovu unaisikia mpaka kwenye meno. Bushi ya mpira haitelezi, imegandishwa kwenye chuma ndani na nje na kazi yake ni kujipinda. Kwa gari la kuendesha barabarani mimi nafunga mpira mpya wa ugumu wa kiwandani, na nasema bila kusita kwamba watu wengi wanaosifia poli hawajawahi kuendesha hili gari likiwa na bushi mpya za mpira, wanalinganisha poli mpya na mpira wa miaka 30 uliopasuka.

Kwa sababu mpira unajipinda na hautelezi, kuna jambo moja ambalo hata baadhi ya mafundi wanalipita: usikaze bolti za mikono gari likiwa hewani mikono imening'inia. Ukikaza hivyo, gari likishuka chini kila bushi inabaki imesokotwa muda wote, linakaa juu kuliko inavyotakiwa na bushi mpya zinachanika mapema sana. Weka bolti zote ziwe za kushika tu, shusha gari likae kwa uzito wake kwenye tairi (mimi natumia mbao nene chini ya tairi nipate nafasi ya mkono), litikise kidogo lijikalie, ndo ukaze kwa spana ya torki. Inachosha, unalala kifudifudi unatafuta pembe ya spana, lakini bila hiyo kazi yote ya bushi umeitupa.

Nikiwa huko chini nikamalizia na klachi. Masta ya chini ya klachi (silinda ndogo inayosukuma klachi kwa fluidi ukikanyaga pedo) kwenye hizi gari iko ubavuni mwa giaboksi na sili zake zinakufa kimya kimya, dalili ni pedo kuanza kushikia karibu na sakafu, gia ya rivasi inakwaruza, na ukivuta ile buti ya vumbi unakuta unyevu. Masta ya juu na ya chini nabadilisha kwa pamoja siku zote, ukifunga mpya moja ile nzee inafuata baada ya muda mfupi na unarudia kutoa upepo kwenye fluidi upya. Oili ya giaboksi nayo ikatoka, na hapa utaratibu ni kufungua kwanza nati ya kujazia ndo ufungue ya kumwagia, manake ukimwaga yote halafu ya kujazia ikagoma huna tena gari la kukupeleka popote. Inaingia kama lita 2 za 75W-90, na mimi nachagua daraja la GL-4 kwa ajili ya ringi za shaba za ndani, ile gia ya pili inayokataa asubuhi injini ikiwa ya baridi inapona sana kwa oili nzuri tu.

Kuna raba nyingine ya gia ambayo wengi hawajui kama ipo. Fimbo ya gia inakaa ndani ya kisima chake kidogo juu ya giaboksi, na hicho kisima kina oili yake peke yake, kama mililita 80 hivi, haichanganyiki na ile ya giaboksi. Juu yake kuna buti mbili, ya chini ikichanika oili inaruka nje inaisha, ya juu ikichanika kabini inajaa joto na kelele. Ukifungua kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo unakuta tope jeusi. Nyonya tope, futa, weka kikombe kipya cha plastiki chini ya fimbo, jaza oili, funga buti mpya. Kati ya vitu vyote nilivyowahi kufanya kwenye hili gari hiki ndo kina faida kubwa kwa jasho dogo, gia zinaingia kwa kubofya safi kabisa, ile miendo mifupi ya gia iliyoipa sifa hii gari inarudi yote.

Oili inayodondoka nyuma ya injini, pale inapokutana na giaboksi, nayo isikutishe mapema. Mtu anaambiwa sili ya nyuma ya kranki (shafti kuu ya injini) imekufa, giaboksi ishushwe, kumbe ni oringi ya sensa ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) nyuma ya hedi, kichwa cha injini, ki-oringi tu, oili inateremka mgongoni mwa injini na kutokea kule kule chini. Piga alama ya rangi sensa ilipokaa, legeza bolti moja, ivute, badilisha oringi, irudishe kwenye alama. Usiiache ivuje, kwa sababu hosi za maji ya hita ziko jirani na mpira ukiloweshwa oili unavimba na kulainika.

Sensa hiyo hiyo ndo inayoweka taimingi ya moto, yaani cheche za plagi zipige wakati gani. Kiwandani ni nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu, unaunganisha matundu yaliyoandikwa TEN na GND kwenye kile kiboksi cha daignosisi, injini iwe ya moto, mzunguko uwe kwenye 850 hivi, unamulika puli kwa taa ya taimingi. Mimi naweka 14, gari linaamka zaidi kwenye mizunguko ya chini, ila petroli iwe ya okteni nzuri na ukisikia mlio wa kugonga unapopanda mlima kwa gia ya juu irudishe nyuma bila kubishana nayo. Hiyo ni modi, yaani maboresho, isiyohitaji kipuri chochote.

Maji ndo sehemu ninayoiogopa kuliko zote. Rejeta ya asili ina matenki ya plastiki juu na chini, yakiwa mapya ni meusi, yakianza kugeuka kahawia plastiki imeshachoka na siku moja inapasuka ukiwa mbali. Usisubiri ivuje. Na usiiamini geji ya joto, imetengenezwa isimame katikati kwa sehemu kubwa ya joto la kawaida na ikianza kupanda kweli muda wa kuokoa hedi unakuwa mfupi sana, kwa hiyo geji ya pembeni yenye namba ni modi ya maana kuliko eksozi yoyote. Injini hii asili yake ni ya gari la tairi za mbele ambako inakaa kimkingamo, ilipogeuzwa kukaa kwa urefu ikabidi njia ya maji ya kutokea iletwe mbele, maji yanaingia mbele na kutokea mbele, silinda ya nne kule nyuma inapata mzunguko hafifu. Barabarani haina shida. Ukitaka tarbo au mashindano, basi njia ya maji inahamishiwa nyuma ya hedi kabla hata hujafikiria bomba la tarbo lenyewe.

Mkanda wa taimingi sina mengi, karibu kilomita 100,000 unabadilishwa, na kama historia haijulikani ubadilishe sasa. Kwa 1.6 hii ukikatika valvu hazigongi pistoni, utakwama njiani lakini injini inabaki nzima. Ukiwa pale angalia puli ya kranki, yenye nafasi nne ni kranki ya pua fupi ya miaka ya mwanzo, yenye nane ni ile iliyoboreshwa. Ile fupi ikikazwa vibaya kipini kinachoshika gia ya taimingi kinaanza kulegea na kula pua ya kranki, kwa hiyo bolti yake ni ya spana ya torki na kwa umakini mkubwa.

Modi kubwa niliyoipa nafasi wikendi hii ni breki za gari lenye injini ya 1.8, zilizoanza kwenye modeli za 1994. Diski za mbele zinatoka milimita 235 hadi 254, unahitaji diski, braketi na pedi, kalipa zako unabaki nazo na rimu za inchi 14 bado zinaenea. Kalipa za nyuma zina hendibreki ndani, kwa hiyo usibane pistoni kwa klampu kama za mbele. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya kufunika, ndani yake unakuta tundu la aleni ya milimita 4, unazungusha kurudisha pistoni ndani, ukishafunga pedi unazungusha kuelekea kulia hadi zishike diski halafu unarudisha theluthi moja ya mzunguko. Hendibreki ikiwa dhaifu jaribu hilo kwanza kabla ya kugusa kebo. Na fluidi ya breki iwe mpya, inanyonya unyevu wa hewani, DOT 4 ikiwa kavu inachemka kuanzia nyuzi 230 za selsiasi lakini ikishajaa unyevu kiwango kinaweza kushuka hadi 155.

Mwisho kabla ya kushusha gari nilimwaga maji kwenye matundu ya kutolea maji ya turubai, yako nyuma ya viti kila upande, yakiziba na majani maji yanakaa ndani ya kizingiti cha mlango na kutu inaanzia ndani ambako huioni. Yalitoka safi pande zote mbili.

Sasa linaenda alaimenti na nimeshaandika namba kwenye karatasi: kamba (camber, tairi kuinama upande) ya mbele nyuzi hasi 1, nyuma hasi 1.5, kasta (mwegemeo wa mhimili wa usukani) nyuzi 5 au karibu yake kama pande zote zinafika sawa, tou (tairi kuelekea ndani au nje) ndogo sana kuelekea ndani nyuma, mbele sifuri, na nikae kwenye kiti wakati wanapima kwa sababu gari jepesi hivi uzito wa dereva unabadilisha namba. Nikirudi ni zamu ya matairi, yana kashata nzuri tu lakini ile namba ya tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, inaonyesha yana umri wa kustaafu. Nataka 185/60 za inchi 14 zile zile za kiwandani, sina haja ya tairi pana kwenye gari la uzito huu.