Mtoto wa Miaka Mitatu Hahitaji Daftari, Lakini Chekechea Inamfaa

Tangu tulipomwandikisha binti yetu wa miaka mitatu katika kituo cha kulelea watoto kilicho jirani na nyumbani kwetu Nyegezi, jijini Mwanza, nimekuwa nikiulizwa maswali mawili. Bibi yake wa Magu, ambaye watoto wake wote walianza darasa la kwanza wakiwa na miaka saba na zaidi, anataka kujua mtoto ambaye bado anavalishwa viatu anakwenda kufundishwa nini. Jirani zetu ambao watoto wao wanasoma shule za ingilishi midiamu wanataka kujua ameshafika herufi gani. Ingawa maswali hayo yanaonekana kupingana, yote yanachukulia kwamba kinachofuatwa huko ni kusoma na kuandika, na kwa sababu hiyo hayanipi nafasi ya kueleza kilichotufanya tumpeleke.

Kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria, faida ya kwanza haihusiani na masomo hata kidogo: ni usalama. Ukifika asubuhi katika mialo ya Igombe au Kayenze utawakuta akina mama wakipokea mitumbwi iliyokesha ikivua dagaa, wakianika, wakifua na kuosha vyombo ziwani, huku watoto wadogo wakizunguka papo hapo chini ya uangalizi wa dada yao wa miaka minane au tisa, ambaye kwa haki angekuwa darasani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2014 kuhusu vifo vya kuzama majini, lilitaja miongoni mwa hatua za kuokoa maisha kuwapatia watoto ambao hawajafikia umri wa shule mahali salama mbali na maji, penye mtu mzima anayeweza kuwaangalia. Nchini Bangladesh, ambako mabwawa yako hatua chache kutoka mlangoni, vituo vya vijijini vinavyowapokea watoto asubuhi, saa ambazo wazazi wameshikika zaidi na kazi, vimepunguza sana vifo hivyo. Kituo cha namna hiyo mwaloni kwetu kingewanufaisha watoto wawili kwa mkupuo, yaani mdogo anayelindwa na dada yake anayerudi shuleni.

Faida ya pili ni lugha. Mjini watoto wengi huanza na Kiswahili, lakini ukivuka kwenda Ukerewe au ukiingia vijiji vya Misungwi na Kwimba, wapo wanaokutana nacho kwa mara ya kwanza siku ya kuanza shule, na mwalimu akawahesabu kuwa wazito kwa sababu tu hawakuelewa walichoulizwa. Mtoto wa miaka mitatu huokota lugha ya pili akiwa mchezoni, kutoka kwa wenzake, bila kuitupa ya kwanza. Sharti ni kwamba mtu azungumze naye kwa kweli: amwulize swali lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana, amtegee kitendawili, amsimulie hadithi kisha amwachie aimalizie. Mlezi anayemwamkia mtoto kwa Kisukuma kabla ya kuendelea kwa Kiswahili ananifurahisha kuliko yule anayewaadhibu watoto kwa kuongea lugha ya mama zao.

Utafiti unaotajwa mara nyingi kuhusu umri huu ulifanyika mbali sana na hapa, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, kati ya mwaka 1962 na 1967. Watoto 123 kutoka familia maskini za Wamarekani weusi, wenye miaka mitatu na minne, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja likahudhuria shule ya awali ya Perry kwa takriban saa mbili na nusu kila asubuhi, na walimu wakaitembelea kila familia nyumbani mara moja kwa wiki. Watafiti waliwafuatilia hadi utu uzima. Jambo linalonivutia ni kwamba ule ubora wa alama za vipimo vya akili ulioonekana mwanzoni ulififia baada ya miaka michache, lakini walipofikia umri wa miaka 40, waliopitia shule hiyo walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Mchumi James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alizichambua takwimu hizo na kuona kwamba sehemu kubwa ya faida ilitokana na tabia: kujizuia, kushikilia jambo hadi liishe, kuelewana na wengine.

Hata hivyo, walimu wa Perry walikuwa na shahada, na kila mmoja alikuwa na watoto watano au sita. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti mwingine, wa jimbo la Tennessee, ulioonyesha kwamba watoto waliopata nafasi katika madarasa ya awali ya jimbo hilo wakiwa na miaka minne walikuwa nyuma ya wenzao waliokosa nafasi walipofikia darasa la sita. Kwa hiyo neno chekechea likiandikwa getini kwa rangi za kuvutia halitoshi. Hapa Tanzania mwongozo wa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kila mzazi anayejua shule zetu anajua idadi hiyo inavyozidishwa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliitaja elimu ya awali kuwa ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano, ila madarasa ya awali katika shule za msingi za serikali hupokea zaidi waliofikisha mitano. Aliye na mitatu huangukia kwenye vituo vya kulelea watoto mchana, ambavyo husajiliwa upande wa ustawi wa jamii kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mzazi ana haki ya kuomba kukiona cheti cha usajili wa kituo.

Tulipokuwa tukitafuta, mwenye kituo kimoja alitukunjulia daftari la mtoto wa miaka mitatu lililojaa irabu zilizonyooka, kila ukurasa una vema. Ilikuwa dhahiri kwamba mkono wa mwalimu ndio ulioandika, na kidole cha mtoto kilikuwa abiria tu. Vidole vya umri huo vinafaa kufinyanga udongo, kutunga vifuniko vya soda kwenye kamba, kujipikilisha kwa mchanga na majani. Kupanga foleni ya kunawa kabla ya uji, na kumngojea mwenzako ashuke kwenye bembea, ndiyo masomo yenyewe. Kazi ya nyumbani kwa mtoto wa miaka mitatu, kwa maoni yangu, ni kumkomoa mzazi.

Nakubali kwamba bibi yake ana hoja. Ua wake wa Magu, wenye watoto wa baba wakubwa na wadogo, hadithi za jioni na nafasi ya kukimbia, ulitoa karibu yote niliyoyataja bila ada. Lakini ua huo haupo katika vyumba vya kupanga vya Mabatini au Igogo, ambako dada wa kazi anamfungia mtoto ndani na kumwashia katuni hadi jioni. Anayebaki na bibi na binamu zake uani hahitaji kusukumwa aende kituoni. Anayebaki na televisheni anahitaji.

Binti yetu anakwenda asubuhi tu, na mafua yamekuwa mengi tangu aanze. Tumepanga abaki hapo hadi atakapofikisha miaka mitano, kisha ahamie darasa la awali la shule ya msingi ya serikali iliyo karibu. Kituo kikianzisha mitihani kabla ya hapo, tutamhamisha.