Swali Ambalo Halikuwamo Kwenye Fomu

Mwaka 2004 nilikuwa mshauri katika kituo kidogo cha upimaji wa hiari wa virusi vya UKIMWI huko Mombasa, upande wa bara, si mbali na barabara kuu ambayo malori huifuata kwenda Malaba. Kituo chenyewe kilikuwa chumba cha duka la zamani kilichogawanywa kwa mbao: mbele palikuwa na benchi la kusubiria na kasha la kondomu za bure, na nyuma palikuwa na meza yangu, viti viwili, feni iliyozunguka kwa kusuasua, na saa ya kengele ya kuhesabia dakika 15 za kipimo. Ukutani nyuma yangu tulibandika bango la mume, mke na mtoto wakitabasamu, na wateja wengi walikuwa wakilikazia macho ili wasinitazame mimi.

Kijana ninayemkumbuka aliingia mchana, baada ya adhuhuri, saa ambazo jua la Mombasa huwafungia watu ndani na benchi letu hubaki tupu. Alikuwa wa miaka ishirini na kitu, mwenye kifua kipana na ndevu zilizochongwa vizuri, na viganja vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka kama vya mtu anayeshinda akibeba magunia. Kumbe kweli, kwani aliniambia kuwa alikuwa kuli bandarini. Alikuwa na mke na mtoto mchanga waliokaa kwao Kilifi, naye alikuwa akiwaendea kila mwisho wa mwezi akishapata ujira wake. Jina sikumwuliza, kwa sababu upimaji wetu haukuwa wa majina. Nilimpa namba, nikaiandika kwenye fomu, kwenye daftari la kituo na kwenye kikadi alichotia mfukoni mwa shati.

Tukaanza maswali kama yalivyopangwa. Je, umeoa? Nimeoa. Je, katika miezi 12 iliyopita umelala na wanawake wangapi wasiokuwa mkeo? Hakuna. Umewahi kumlipa mwanamke ili ulale naye? Sijawahi. Umewahi kuongezwa damu? La. Aliyajibu moja baada ya jingine bila kusitasita, na lile la wanawake alilirudia mwenyewe: “Hakuna hata mmoja, dada.” Kufikia wakati huo nilikuwa nimekwisha kuketi na wanaume wengi wenye wake, nami nilijiona fundi wa kutambua sauti ya mwongo, kwa maana mwongo huongeza maelezo ambayo hukumwomba. Huyu hakuongeza kitu. Alikuwa akisema kweli tupu, nami nilimwamini, na mpaka leo naamini kuwa kwa kila swali nililomwuliza alinijibu kweli.

“Kaka, laiti wote wangekuwa kama wewe,” nilimwambia, nikaandika upande wa pembeni wa fomu neno “mwaminifu”.

Nilimfuta kidole cha pete kwa pamba yenye spiriti, nikamdunga, nikalitega tone la damu kwenye ukanda wa kipimo, nikaizungusha saa. Dakika hizo 15 zina tabia yake. Wako wanaosali, wako wanaosimulia habari za mpira, na wako wanaoukodolea macho ule ukanda kana kwamba wakipepesa utabadilika. Yeye alilitazama bango kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, akinitazama begani badala ya usoni:

“Dada, naomba kuuliza jambo. Nina rafiki yangu pale kazini. Huyo hataki wanawake kabisa, ana mwenzake mwanamume. Sasa yeye si yuko salama? Maana huu ugonjwa, jinsi tunavyoambiwa, mtu huupata kwa wanawake.”

Nilichomjibu nakikumbuka neno kwa neno, na miaka mingi ilipita kabla sijamsimulia mtu.

“Hayo mambo ya Wazungu, kaka,” nilisema. “Huko kwao ndiko ugonjwa huu ulikokuwa wa watu wa namna hiyo. Huku kwetu ni wa mwanamume na mwanamke. Mwambie rafiki yako aache tabia hiyo, lakini wewe usijitie wasiwasi wa bure.”

Akaitikia kwa kichwa, akarudisha macho kwenye bango.

Sikulizua jibu hilo hapo mezani. Katika mafunzo yetu ya ushauri tulisomeshwa, miongoni mwa mengine, historia ya ugonjwa: kwamba tarehe 5 Juni 1981 ilitolewa taarifa huko Marekani kuhusu vijana watano wa Los Angeles, wote mashoga, waliougua homa ya mapafu isiyo ya kawaida, kwamba mwaka uliofuata wako wataalamu waliouita ugonjwa huo upungufu wa kinga wa mashoga, na kwamba mwaka huohuo wa 1982 jina hilo liliachwa, kwa kuwa walikuwa wameonekana wagonjwa wasiokuwa mashoga, wakiwamo wanawake. Baada ya hapo tulivuka bahari tukaja kwetu, tukaambiwa kuwa Kenya ilimtambua mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1984 na kuwa huku maambukizi hupita zaidi baina ya wanaume na wanawake, jambo ambalo ni kweli. Kosa langu lilikuwa kuzifanya habari hizo mbili kuwa mipaka ya nchi, kana kwamba virusi huangalia pasipoti. Hakuna aliyetamka mbele yetu kwamba kuingiliana kwa njia ya nyuma, awe anayeingiliwa ni mwanamume au mwanamke, huambukiza kwa wepesi zaidi ya mara kumi kuliko njia ya kawaida, kwa sababu utando wa huko ndani ni mwembamba na huchanika upesi. Mimi nami sikuuliza. Ni nani angeinua mkono darasani kuuliza swali kama hilo mbele ya watu wazima?

Tena nilidhani nawajua. Sisi wa Pwani neno shoga tumelelewa nalo, kwani mama zetu waliitana shoga wakisukana nywele, na sisi mabinti tuliitana shoga tukienda shule, na neno hilohilo, akiitwa mwanamume, hugeuka tusi. Na kila mtaa ulikuwa na mmoja wao aliyejulikana: huyo wa kwenye harusi, mwenye wanja na mwendo wa madaha, anayewapamba maharusi na kutia vichekesho ukumbini, ambaye wanawake humcheka na kumpenda na wanaume humdhihaki mchana. Huyo ndiye shoga niliyemjua. Kuli mwenye ndevu na mke Kilifi hakuwamo katika picha hiyo, kwa hiyo alipotaja rafiki nilimwona rafiki kweli, mtu mwingine kabisa, nikamhurumia huyo asiyekuwapo na kumwacha aliyekaa mbele yangu.

Kengele ikalia. Ukanda ulikuwa na mstari mmoja tu. Nilimweleza kuwa hakuonekana na virusi, na kwamba kwa kawaida humwomba mteja arudi baada ya miezi mitatu, kwa kuwa maambukizi mapya huweza kuchelewa kuonekana katika damu, “lakini kwa mtu kama wewe,” niliongeza, “hii ni kawaida tu ya kituo.” Ndani ya mtoto wa meza nilikuwa na kile kiungo cha mbao tulichokitumia kuwafundishia watu kuvaa kondomu, nimekifunga kwa kipande cha leso kwa ajili ya haya. Sikukitoa. Kilikuwa cha wenye wapenzi wa nje.

Alinishukuru, akasimama. Pale mbele, akipita kando ya benchi, alinyoosha mkono kwenye kasha la kondomu, nami nikiwa nimemsindikiza nikamtania jinsi tunavyotaniana sisi watu wa Pwani: “Hizo za nini tena, kaka, na mkeo yuko Kilifi?” Mkono wake ulikuwa umekwisha kugusa pakiti. Akaurudisha, akacheka kidogo, akatoka juani.

Nisingelirudia kulifikiria tukio hilo kama si warsha niliyohudhuria mwaka 2009, wakati ulipokuwa umetoka utafiti wa Kenya uliokadiria maambukizi mapya yanatoka wapi. Mwezeshaji aliandika takwimu ubaoni. Asilimia 44.1 ilikuwa ya wanaume na wanawake walio katika ndoa au uhusiano wa kudumu, yaani watu wa bango letu, na hapo ukumbi uliguna, kwa kuwa tulizoea kuwatafuta wagonjwa kwa makahaba na kwa madereva wa malori, ilhali makahaba pamoja na wateja wao walikuwa asilimia 14.1. Kisha akaandika 15.2, akasema hiyo ni ya wanaume wanaolala na wanaume, wakihesabiwa pamoja na walio magerezani. Mguno wa safari hiyo ulikuwa wa namna nyingine, na wengine walicheka.

Nyuma yangu alisimama kijana mwelimishaji rika, akasema kwa utulivu kwamba yeye na wenzake kwa miaka mingi waliamini wamejiepusha na UKIMWI, kwa kuwa kila tangazo la redio na kila bango lilimwonya mwanamume juu ya mwanamke. Wengi wao, alisema, wana wake, na wakienda kupimwa huulizwa wanawake wangapi, nao hujibu kweli kwamba hakuna, wakaandikiwa kuwa ni waaminifu. Alilitumia neno hilohilo. Nilihisi jasho likinitoka chini ya buibui.

Huenda yule wangu alikuwa na rafiki kweli. Nimejaribu sana kuliamini hilo. Lakini mtu hamwulizii rafiki huku mkono wake ukienda kwenye kasha. Wala simlaumu kwa kumtanguliza rafiki, kwa sababu kifungu cha 162 cha sheria yetu ya adhabu kinampa mtu kama huyo kifungo cha hadi miaka 14, na mnamo Februari 2010, huko Mtwapa, kundi la watu lilivamia kituo cha afya kilichotoa huduma za UKIMWI kwa sababu ya uvumi tu kwamba wanaume wawili wanataka kuoana. Baada ya siku hiyo hata kwetu wateja wa kiume walipungua kwa muda.

Niliporudi kutoka warshani niliongeza swali kwa kalamu kwenye kila fomu kabla ya kumwita mteja: umelala na wanawake, na wanaume, au na wote? Wengi hucheka. Mzee mmoja alinyanyuka, akavaa kofia yake na kuondoka bila kuniaga. Wachache hunyamaza, nami siku hizi nimejifunza kutokimbilia swali linalofuata.

Jioni moja nilifungua daftari la 2004 nikaitafuta namba yake. Niliipata kwa urahisi, kwa sababu pembeni mwa tarehe nilikuwa nimeandika “kuli”. Safu ya kurudi baada ya miezi mitatu ilikuwa tupu, kama zilivyokuwa tupu za wengi katika ukurasa ule, hata za wale niliowasihi warudi. Hapakuwa na jina, hapakuwa na simu wala kijiji. Tuliwaahidi watu kwamba hakuna atakayeweza kuwafuata kwa kupitia daftari lile, na ahadi hiyo ilitimia. Nilikaa nikihesabu umri wa mtoto wake, kisha nikafikiria kuhusu mama wa mtoto huyo, ambaye hakuna fomu wala bango lililomwambia chochote.