Kumbukumbu ya mradi wangu: usiku wa tatu Wandegeya

Jana usiku nilirudi Wandegeya, jijini Kampala, kumpiga picha tena muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai ndani) aliyekubali kuwa sehemu ya filamu yangu fupi, kwa sababu picha za siku mbili za kwanza hazikunifaa. Kamera hii ya video yenye ubora wa juu ni ya kuazima kwa binamu yangu, na bado najifunza vitufe vyake.

Kilichonisumbua zaidi ni mistari myeusi iliyopanda polepole kwenye picha kila taa ya kibanda ilipoonekana. Nilidhani lenzi ni mbovu. Kumbe kamera ilikuwa imepangwa kwa fremu (picha moja moja) 30 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ya 1/60 ya sekunde, mpangilio unaoendana na umeme wa hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde) kama ule wa Marekani, ilhali umeme wa Uganda ni wa hezi 50 na taa nyingi za bei nafuu humemeteka mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Nilipoweka fremu 25 na shata ya 1/50, kila fremu ilipokea mimemeteko miwili kamili na mistari ikatoweka.

Suala la pili lilikuwa gaini, yaani kiasi ambacho kamera hukuza mawimbi ya picha ili ionekane angavu gizani. Usiku wa pili niliiachia kamera ijipangie yenyewe, ikapanda hadi desibeli 24, yaani ikakuza mawimbi karibu mara 16, na ukuta wa nyuma ukajaa chenga kama mchanga unaochemka. Safari hii niliifunga kwenye desibeli 6, nikafungua lenzi hadi mwisho na kuliacha giza liwe giza. Nilitaka kuongeza taa yangu ndogo, lakini mwenye kibanda akaniambia, “Kaka, izime hiyo, wateja wanaona haya.” Alisema kweli, na picha ilipendeza zaidi bila hiyo taa: mayai yenye vitunguu na kabichi yanamiminwa kutoka kwenye kikombe cha plastiki, mvuke unapanda, na balbu moja inaung’arisha kutoka nyuma.

Fokasi (mahali picha inapoonekana kwa ukali) niliiweka kwa mkono juu ya ukingo wa kikaango, kwani ile ya kujiendesha ilikuwa ikikimbilia taa za bodaboda.

Kesho nitafika kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Hapa karibu na ikweta giza huingia upesi, nami nataka anga la buluu juu ya kibanda kabla halijazimika.