Kamera zimezimwa, ticha naongea na ukuta

Yaani muhula huu nafundisha takwimu onlaini, wanafunzi 43 kwenye Zoom kamera zote zimezimwa, nikiuliza swali kimyaaa, nikajua hawa wamelala. Kumbe wengi shida ni bando, video ya masaa mawili inafyonza MB balaa, mwingine yuko dukani anauza huku kaweka earphone sikio moja. Basi nikaachana na lekcha ndefu, narekodi sauti ya dakika 8 natupia kwenye grupu la WhatsApp na swali moja wajibu kwa voisi kabla ya saa 3 usiku, na kila mtu namjibu kwa jina lake. Wiki ya pili yule dada wa duka katuma mauzo yake ya soda ya siku saba anauliza eti ticha, wastani wangu umekaa sawa? Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Ila kusikiliza voisi 43 kila usiku, we acha tu 😅